Barua ya kupinga muswada wa afya: kuna anayeisoma?

*"Naishi Ohio, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nina kampuni ndogo inayowahudumia wazee majumbani mwao. Tuko tisa pamoja na mimi, na wateja wetu wengi hulipiwa na Medicaid, ile bima ya wenye kipato kidogo. Kuna muswada wa afya unaozungumzwa. Naambiwa utamlazimisha kila mwajiri, hata mdogo kama mimi, kuchangia bima itakayoendeshwa na serikali, na mimi naupinga. Kanisani tumegawiwa barua iliyokwisha kuandikwa, kazi yetu ni kutia sahihi tu, halafu itumwe kwa maseneta wote 100. Inaanza hivi: 'Mimi, raia na mpiga kura, naitaka serikali iondoe mikono yake kwenye afya zetu.' Mume wangu ni raia, keshasaini. Mimi bado nina kadi ya kijani, nategemea kuomba uraia karibuni. Je, nina haki ya kuandika? Jina langu halitaingizwa kwenye faili likaja kuniletea shida? Na kweli kuna mtu anazisoma barua hizi, au ni kupoteza stempu? Kiingereza changu cha kuandika si kizuri."*

Dada yangu, barua hiyo usiisaini. Kuupinga muswada ni haki yako na nitakueleza namna ya kuupinga, ila maneno yake ya mwanzo hayakuhusu. Wewe si raia bado, wala si mpiga kura. Mtu mwenye kadi ya kijani akidai uraia asio nao ili apate jambo fulani la kisheria, anaweza kufukuzwa nchini, na hata akibaki, ombi lake la uraia linaweza kukwama hapo. Barua ya kumlalamikia seneta pengine isingefikishwa huko, lakini wewe unakaribia kukaa mbele ya ofisa atakayekuuliza, ukiwa umeapa, kama umewahi kujiita raia wa Marekani. Ya nini ujitafutie jibu refu kwa swali linalotaka "hapana" tu? Kama kuna karatasi nyingine ya namna hii uliyokwisha kuisaini, mwone wakili wa uhamiaji kabla hujajaza fomu. Hilo si la kumuuliza mtu kama mimi kwa maandishi, wala si la kumuuliza aliyewagawia barua.

Haki yenyewe unayo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya "watu" kuiomba serikali iwaondolee kero. Hayakusema raia. Hata viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa kuhesabu wakazi wote katika sensa, wenye kura na wasio na kura, kwa hiyo mbunge wa eneo lako ni wako pia. Andika "mimi ni mkazi wa eneo lako na ni mwajiri", basi. Ni kweli tupu, na katika suala hili neno "mwajiri" lina uzito kuliko "mpiga kura", nitakuonyesha kwa nini.

Kuhusu faili: ndiyo, jina lako litaingia kwenye kompyuta ya ofisi ya mbunge, pamoja na anwani, tarehe na kama unaunga mkono au unapinga. Sikufichi. Lakini kompyuta hiyo ni ya Bunge. Idara ya uhamiaji ina mafaili yake mbali kabisa, na kumpinga mwanasiasa si kosa linalotafutwa humo. La kukumbuka ni kwamba barua ikishatoka mikononi mwako si siri tena. Mbunge anaweza kuomba aisome ukumbini. Kwa hiyo usimtaje mteja wako yeyote kwa jina, ugonjwa au mtaa, hata kama kisa chake kinaliza. Wewe unafanya kazi ya huduma za afya na siri za wagonjwa zinalindwa na sheria ya 1996.

Sasa, kuna anayesoma? Nilifanya kazi miaka sita katika ofisi ya mbunge mmoja, na muda mwingi nilikuwa mtu wa barua. Ofisi ya mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hairuhusiwi kuajiri zaidi ya watu 18 wa kudumu, wamegawanyika kati ya Washington na nyumbani, na mjumbe mmoja ana wakazi zaidi ya laki saba. Fikiria basi asubuhi yenyewe. Kijana aliyekuja kujifunza kazi anafungua bahasha na barua pepe, na macho yake yanakwenda kwanza kwenye anwani. Anwani ikiwa nje ya eneo letu, barua inawekwa kando. Ukibahatika itapelekwa kwa mbunge wako. Zikibaki za kwetu, anatafuta namba ya muswada na kama mtu anaukubali au anaukataa. Mashine inazitambua zenye maneno yaleyale na kuzifunga fungu moja. Fungu zima linapata jibu moja, na kwenye taarifa ya wiki linakuwa mstari mmoja: muswada fulani, wanaopinga wangapi, wanaounga mkono wangapi.

Kwa hiyo barua ya kanisani haitupwi, inahesabiwa. Ukweli ni huo, na nisingependa ukamwambie mchungaji kwamba amewapotezea muda. Mbunge anayesitasita huuangalia mstari ule. Lakini hesabu ndiyo mwisho wake. Barua hiyo haitamfundisha kitu.

Nakumbuka fungu moja la barua za namna hiyo, zote sawasawa hadi mkato wa mwisho. Ndani yake mzee mmoja alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya wino, herufi zikipanda mlima, mistari miwili kuhusu dawa ya mkewe na kifungu ambacho kingeigusa. Barua zilizochapwa zikawa namba. Mistari ile miwili ilitolewa nakala ikapelekwa kwa msaidizi wa masuala ya sheria, naye akaingia nayo kwenye mkutano na mbunge. Mbunge aliuliza: "Hili ni kweli? Kifungu kinasema hivyo?" Tukaenda kusoma.

Swali hilo la mbunge ndilo unaloliandikia barua. Umtume mtu akasome kifungu.

Ndiyo maana maseneta 100 hawakufai. Ohio ina maseneta wawili, na anwani yako ina mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi. Watatu hao ndio wako. Wale 98 watakuweka kando kama tulivyokuwa tukiwaweka kando wengine. Ila kwanza hakikisha huo ni muswada wa nani. Mengi yanayoitwa "sheria ya afya ya serikali" yanatungwa katika bunge la jimbo, na viwango vya malipo ya Medicaid kwa huduma za majumbani hupangwa na jimbo lenyewe. Ukimwandikia seneta wa Washington juu ya jambo linaloamuliwa Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, atakujibu kwa adabu na hatafanya kitu. Uliza namba. Ikiwa inaanza na H.R. au S. na unaikuta katika tovuti ya congress.gov, ni ya Washington. Tovuti hiyo ni ya bure, ina maandishi yote ya muswada na inaonyesha umefika kamati gani.

Usome. Najua ni mrefu na unachosha. Tafuta tu mahali panapotaja waajiri na idadi ya wafanyakazi. Wewe umesema "naambiwa utamlazimisha kila mwajiri". Nimewahi kusoma barua nyingi zenye hasira za wenye maduka ya watu watano au kumi walioamini sheria ya afya ya 2010 ingewalazimisha kuwanunulia wafanyakazi bima. Kiwango cha sheria ile kilikuwa wafanyakazi 50 wa kutwa, au saa zinazolingana nao. Walikuwa wanapinga kitu kisichowagusa, na aliyeisoma barua aliliona hilo katika sentensi ya pili. Huenda muswada wako hauna kiwango cha namna hiyo. Kama hauna, hapo ndipo penye hoja yako, na ni hoja nzuri sana.

Uvumi una ubaya mwingine. Mwaka 2009 nchi ilijaa maneno kwamba serikali itaunda mabaraza ya kuamua mzee gani aishi na yupi afe. Kilichokuwemo, kifungu cha 1233 cha muswada wa H.R. 3200, ni kwamba Medicare, bima ya serikali kwa wazee, imlipe daktari anapoongea na mgonjwa, kwa hiari ya mgonjwa, kuhusu matibabu anayoyataka siku zake za mwisho. Kelele zilikifuta kifungu. Mwaka 2016 Medicare ilianza kuyalipia mazungumzo hayohayo, na wazee wanayatumia. Kelele zilishinda kweli, lakini nani alifaidika?

Kisa kinachonitisha zaidi ni cha nyuma kidogo. Mwaka 1988 Kongresi ilipitisha kwa kura nyingi sana sheria ya kuwakinga wazee wa Medicare dhidi ya gharama kubwa za hospitali, pamoja na dawa. Gharama ilibebwa na wazee wenyewe, na wenye kipato kikubwa wangelipa nyongeza ya hadi dola 800 kwa mwaka. Barua zikamiminika. Agosti 1989 mwenyekiti wa kamati ya kodi, Dan Rostenkowski, alizingirwa na wazee mjini Chicago hadi akakimbilia gari lake, na mmoja wao akajilaza juu ya boneti. Kabla ya mwaka kwisha sheria ilikuwa imefutwa. Hapo utaona kwamba watu wakiandika na kusimama, Bunge husikia. Lakini wengi waliopiga kelele walidhani kila mzee angelipa zile dola 800, kumbe wa kulipa kiasi hicho walikuwa wachache. Na msaada wa dawa uliokwenda na maji pamoja na kodi ile haukurudi kwenye Medicare hadi 2006.

Kwa hiyo jiulize: unaupinga muswada wote, au kifungu kimoja ndani yake? Si swali la kukulainisha. Kama unaupinga wote, sema hivyo bila kumung'unya. Lakini nimeona kwamba anayelenga kifungu hufika mbali zaidi. Sheria ile ya 2010 ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, baada ya mwaka mzima wa barua, simu na mikutano ya watu kutoa mishipa ya shingo. Waliopinga yote walishindwa siku ile. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 9006, kilichomtaka kila mfanyabiashara ajaze fomu ya kodi iitwayo 1099 kwa kila aliyemlipa zaidi ya dola 600 kwa mwaka, hata duka alilonunua kompyuta. Wafanyabiashara wadogo wakaandika. Hawakuandika juu ya uhuru wala ujamaa. Waliandika idadi ya fomu watakazojaza. Aprili 2011 Seneti ilikifuta kwa kura 87 dhidi ya 12, na Rais Obama, mwenye sheria yake, akatia sahihi.

Nirudi kwenye barua ya kanisani. "Serikali iondoe mikono yake kwenye afya zetu": dada, wateja wako wanalipiwa na Medicaid. Medicaid ni serikali. Mwaka 2009 mzee mmoja wa South Carolina alimwambia mbunge wake kwamba serikali isiguse Medicare yake, na nchi nzima ikacheka. Sitaki wakucheke, hasa kwa kuwa hoja yako halisi iko hapohapo wanapoweza kukuchekea. Mwenye mgahawa akiongezewa gharama anapandisha bei ya chakula. Wewe bei yako imepangwa na jimbo. Ukiongezewa makato ya mshahara huna pa kuyapeleka isipokuwa kwenye saa za wafanyakazi au kwenye idadi ya wazee unaoweza kuwapokea. Msaidizi wa mbunge aliyemaliza chuo mwaka jana hajui hilo. Wewe unalijua kwa sababu unalipa mishahara.

Liandike hivi, kwa mfano:

*"Mimi ni mkazi wa eneo lako na ninaendesha kampuni ya watu tisa inayohudumia wazee majumbani. Naomba uupinge muswada namba fulani, hasa kifungu fulani, kinachomtaka kila mwajiri achangie bima bila kujali ukubwa wake. Wateja wangu wengi hulipiwa na Medicaid, na malipo yangu kwa saa hupangwa na jimbo. Siwezi kupandisha bei. Mchango huu kwa mwezi ungekuwa sawa na mshahara wa mfanyakazi mmoja kwa siku kadhaa, na hesabu nimeiambatisha. Kama muswada utapita, naomba kampuni ndogo zisiingizwe, au malipo ya Medicaid yapandishwe kulingana na mchango huo. Naomba unijibu utapiga kura gani."*

Ukurasa mmoja, usizidi. Hesabu iwe ya kweli; ikiwa mchango utakugharimu kidogo kuliko ulivyohofia, andika hichohicho kidogo. Lile ombi la mwisho la kujibiwa usiliache, kwa sababu linamlazimisha mtu kukaa chini na kuandika msimamo wa mbunge. Matusi hayasaidii. Tulikuwa tunayasoma tukiwa tunakunywa kahawa, basi. Maneno yanayosikika kama tishio ni jambo jingine: hayo hupelekwa polisi wa Bunge, hata kama mwandishi alikuwa anatania.

Kiingereza kisikutishe. Andika kwanza kwa Kiswahili, useme kila unachotaka kusema, ndipo mumeo au mtoto akusaidie kukigeuza. Makosa ya sarufi hayajawahi kuniondolea barua mezani. Kinyume chake, barua iliyonyooka mno ndiyo iliyonifanya nitafute ni kampuni gani iliyoiandika. Ujanja huo ni wa zamani. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa Marekani kiliwahimiza wake za madaktari waalike majirani kwa kahawa, wasikilize sauti iliyorekodiwa ya Ronald Reagan, wakati huo mwigizaji, akionya dhidi ya bima ya serikali kwa wazee, kisha waandike barua za kupinga, kila mmoja kwa maneno yake ili zisionekane zimepangwa. Muswada wa bima hiyo ulishindwa Seneti Julai 1962 kwa kura 52 dhidi ya 48. Miaka mitatu baadaye Medicare ikawa sheria. Tangu hapo ofisi za Bunge hukaza macho zikiona barua zinazofanana harufu.

Stempu? Kwa Washington, okoa fedha zako. Tangu barua zenye kimeta zilipotumwa kwa maseneta mwaka 2001, barua za posta za Bunge hupitishwa kwenye mionzi kwanza. Huchelewa, na zikifika karatasi imekuwa ya manjano na kavu kama jani la mahindi. Nimewahi kukunja moja ikakatika mkononi. Tumia ukurasa wa mawasiliano kwenye tovuti ya mbunge, au ipeleke karatasi kwenye ofisi yake ya nyumbani. Kura ikiwa kesho kutwa, piga simu: namba ya Kongresi ni 202-224-3121, taja unapoishi, wataunganisha.

Wakati una maana kubwa kuliko wino. Muswada ukiwa kwenye kamati, vifungu hubadilishwa kwa sentensi moja na watu wachache chumbani. Hapo barua kama yako ina kazi. Ukishafika ukumbini, kinachobaki mara nyingi ni ndiyo au hapana, na wengi wameshaamua. Seneti kwa kawaida inahitaji kura 60 kufunga mjadala, ila miswada ya bajeti inaweza kupita kwa wingi wa kawaida, kwa hiyo usitulizwe na mtu anayekuambia "huo hautafika popote". Ukipita, bado kuna kanuni za utekelezaji: wizara huzitangaza na kupokea maoni kwenye regulations.gov, mara nyingi kwa siku 30 hadi 60, na inapaswa kujibu hoja nzito. Huko nako nakala elfu za maneno yaleyale hazifui dafu mbele ya mwajiri mmoja mwenye hesabu.

Nisikudanganye kwamba itafanya kazi. Mbunge aliyeahidi muswada huo kwenye kampeni hatabadilika kwa barua ya mtu mmoja, na utapata jibu la kurasa mbili lisilosema kitu, niliyaandika mengi. Pia kuna waajiri wadogo watakaoandika kuunga mkono muswada huohuo kwa sababu wafanyakazi wao hawana bima kabisa, na haki yao ni sawa na yako. Waulize wanane wako nao wanaonaje kabla hujaandika kwa niaba ya kampuni.

Mumeo asijutie sahihi yake. Amehesabiwa, na bado anaweza kuandika yake. Wewe usiishie kwenye barua. Piga simu ofisi ya mbunge ya karibu nawe, uulize mapumziko ya Bunge yanaanza lini na kama unaweza kupata dakika kumi na tano na msaidizi anayeshughulikia afya. Si lazima awe mbunge mwenyewe. Msaidizi ndiye atakayeandika karatasi atakayoisoma mbunge kabla ya kura. Nenda na ile hesabu ya mshahara, nakala mbili, moja umwachie.